Dirisha la Pili

Jumatatu ndiyo siku pekee magofu yalipofungwa, na ndiyo siku pekee binti huyu alipotoka nje ya uzio. Kwa hiyo tusimlaumu sana kwa kiherehere chake cha siku ile. Mtu akikaa siku sita nyuma ya kioo, anaongea na dunia kupitia kitundu cha ukubwa wa kisosi, siku ya saba mdomo lazima umwashe.

Kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa pomoni. Makondakta waliita majina ya miji, mizigo ilipita juu ya vichwa vya watu, na moshi wa dizeli ulikuwa umetanda hadi kwenye kibanda cha magazeti. Hapo kibandani kijana mmoja mrefu, shati jeupe lenye madoa ya wino kwenye mkono wa kulia, alikuwa amezungukwa na wasafiri sita saba wenye mabegi mgongoni. Alishika kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, na alikuwa akiwafundisha namna ya kwenda kuyaona magofu bila kumaliza akiba yao. Alifundisha kwa kujiamini, utadhani amezaliwa humo ndani.

"Tiketi ni ya aina moja tu, ya jumla," alisema. "Ina mwongozaji, picha na chupa ya juisi. Ni ghali, lakini hamna ujanja. Jua lisiwatishe, ndani kuna kivuli tele."

Binti alikuwa anapita zake, mfuko wa vitunguu mkononi, gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri kwa sababu ndilo lililokuwa la kutokea. Akasimama.

"Kivuli kipi?" aliuliza.

"Cha miti, dada yangu."

"Miti ilikatwa yote, mizizi isije ikabomoa kuta. Ukitaka kivuli humo ubebe kofia yako. Na tiketi ziko aina mbili. Kuna ya kawaida, haifiki hata robo ya hiyo ya jumla. Ila uiombe kwa jina lake, usipoiomba hutapewa."

Wasafiri wakageuza shingo zote kwake. Mwanamume mwingine angebisha, angalau kidogo, kwa ajili ya heshima yake. Huyu alichomoa kalamu mfukoni akaanza kuandika, na hilo likamfurahisha binti kuliko alivyopenda kukubali. Akamwuliza kama amewahi hata kuingia kwenye magofu yenyewe. Kijana alikiri kwamba aliyaona akiwa darasa la sita, kupitia dirisha la basi la shule, kwa kuwa pesa za kiingilio zilikuwa zimeishia kwenye mafuta ya basi. Watu walicheka, na yeye alicheka kabla yao.

Alikuwa mchapaji. Kiwanda cha uchapaji alichoajiriwa kilikuwa nyuma ya kituo: kadi za harusi, stakabadhi, mabango ya mikutano. Kijitabu kilikuwa chake mwenyewe. Alikiandika kwa kuwahoji wasafiri wanaporudi wakiwa wachovu, na msafiri mchovu huongeza chumvi. Alimpa binti nakala moja na kumwomba aisahihishe. Kisha akamwuliza jina lake, apate kumshukuru kwenye ukurasa wa mwisho.

"Usiniandike popote," alisema binti. "Ukiniandika umeniponza."

Kijana akaahidi. Tuikumbuke ahadi hiyo.

Jumatatu iliyofuata kijitabu kilirudi kikiwa kimejaa wino mwekundu ukurasa hadi ukurasa. Mchapaji alikipekua taratibu, akasema amebakiziwa jalada tu. Binti akamjibu kwamba jalada nalo ni baya, amemhurumia. Wakaenda kunywa chai kwenye mgahawa wenye viti vya chuma, na chai ilipoa kabla hawajaigusa.

Mapenzi yao yalikua kwa njia ya vidokezo. Simu ilikuwa marufuku dirishani, kwa hiyo nusu saa ya chakula cha mchana binti aliitumia nyuma ya tangi la maji, mahali pekee mtandao ulipofika. Alianza kwa kumwambia mambo ya magofu. Waambie wasipande gari la watalii. Wapande basi linaloishia kwenye kinu cha unga, watembee dakika kumi. Waje Jumanne au Jumatano, wafike saa mbili kamili geti linapofunguliwa. Waanzie nyuma kabisa, kwenye kisima, warudi mbele, wakati kundi lote linasongamana kwenye jumba la mfalme. Wasinunue ramani, ramani hiyohiyo imechorwa ukutani karibu na vyoo. Wavae viatu vyenye soli ya mpira, mawe ya ngazi yamelainishwa na nyayo za karne nzima. Wabebe chupa tupu, kuna bomba nyuma ya chumba cha makumbusho.

"Na mimi nibebe nini?" mchapaji aliuliza siku moja.

"Wewe kwani unakuja?"

"Nikija kukuona wewe."

"Beba subira," alisema binti, akakata simu, akarudi dirishani akitabasamu peke yake mpaka mzee mmoja akamwuliza kama amempa chenji ya ziada.

Kwenye simu yake mchapaji alimwandika "Dirisha". Binti naye alimwandika "Vidokezo", na sisi tutawaita hivyo, kwa kuwa ndivyo walivyoitana.

Labda unajiuliza kwa nini mtu mzima mwenye mshahara wake aogope kuandikwa kwenye kijitabu cha jalada la kijani. Nitakueleza. Nyuma ya jumba la mfalme, ndani ya uzio uleule unaozuia watu wasiolipa, palikuwa na nyumba nane za wafanyakazi. Baba yake Dirisha alikuwa mwashi wa magofu, miaka thelathini akiziba nyufa za watu waliokufa zamani. Siku moja jukwaa liliachia, akaanguka, na tangu hapo miguu yake ilimfikisha mlangoni na kumrudisha kitandani. Kanuni ilisema nyumba ni ya mwenye ajira ya kudumu, na mwenye ajira sharti alale humohumo. Kaka yake alikuwa mwongozaji wa watalii, lakini alilipwa kwa kichwa cha mgeni, hakuwa na ajira. Kwa hiyo nyumba nzima, baba, mama, kaka na masufuria yao, ilikuwa imekalia kiti kimoja cha plastiki nyuma ya dirisha la pili. Na kiti hicho alikikalia Dirisha, miaka sita sasa.

Saa kumi na mbili jioni geti lilifungwa, ufunguo akashika msimamizi. Watalii walitoka, familia nane zikabaki. Dirisha alikuwa na miaka ishirini na saba na hajawahi kulala nje ya uzio ule. Usiku alikuwa akisikia mabasi yakipita barabara kuu, akayajua kwa mlio wa honi, lipi linakwenda wapi. Hayo hakumwambia mtu.

Vidokezo alipoleta habari ya kuja kwao kuposa, mwezi wa nne tangu wajuane, Dirisha alimhesabia mambo kwa vidole. Akiolewa atalala kwa mume, na akilala kwa mume kiti kinakwenda, na kiti kikienda wazee watalala nje. Vidokezo aliuliza kama yeye anaweza kuhamia ndani ya uzio. Kanuni iliruhusu wazazi na ndugu wasiooa. Mume haikumtaja kabisa.

"Basi nitangoja," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kunikatalia, mama."

Alisema kwa utani, na Dirisha alicheka, lakini njiani kurudi alilia kidogo ndani ya basi, uso ameugeuzia nje.

Sasa, mapenzi yakizidi humfanya mtu mwenye akili awe mjinga, na Vidokezo hakuwa na kinga. Alichapa toleo jipya la kijitabu, lenye masahihisho yote ya wino mwekundu. Likauzwa sana. Asubuhi ya Jumanne moja Dirisha alifungua pazia la dirisha lake akakuta foleni imefika vyooni. Dirisha la kwanza halikuwa na mtu hata mmoja. Watu wote wa foleni walikuwa na kitu cha kijani mkononi.

"Tiketi ya kawaida, dada," alisema wa kwanza. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu alikuwa mama mnene mwenye miwani, mchangamfu, akasogeza kijitabu kwenye kioo na kusema, "Kumbe ni wewe. Wamekusifu mpaka nikasema lazima nikuone."

Dirisha akaanza kusoma maandishi yakiwa juu chini kupitia kioo, kisha kijitabu kikageuzwa, akasoma vizuri. Usiende dirisha la kwanza, kilisema. Nenda la pili. Huko kuna dada asiyedanganya. Mwombe tiketi ya kawaida, atakupa bila kukununia.

Aliendelea kukata tiketi kwa kuwa hakujua la kufanya jingine. Ukutani mkabala na geti waongozaji walikaa wakining'iniza miguu, hawana mgeni wa kumwongoza, na mmoja wao, aliyekuwa akizungusha kofia kidoleni, alikuwa kaka yake. Juu ghorofani msimamizi alisimama kwenye dirisha la ofisi. Watu walimwita Muhuri, kwa sababu hakuwahi kusaini kitu kwa mkono wake. Alipiga muhuri tu, kosa likitokea likaonekana la ofisi.

Jioni ile nyumbani chakula kilipoa. Kaka yake hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Huyo mwanamume wako amenikatia riziki," alisema. "Na mkasi umempa wewe."

Mama aliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Baba alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, na hakuna aliyejua kama amelala.

Kesho yake, nyuma ya tangi, simu iliita mara moja tu ikapokewa.

"Nilikuambia usiniandike."

"Sikuandika jina lako, mpenzi wangu."

"Madirisha ni mawili tu. Wewe umeandika dirisha. Ulidhani wataenda kunitafuta wapi, kisimani?"

Vidokezo akasema, polepole, kwamba wasafiri walirudi kituoni wanamsifu bila kumjua, yule dada wa dirisha la pili, yule dada wa dirisha la pili, na yeye kila mara alikaa kimya kana kwamba hamjui, mpaka ikamkaba. Aliona fahari. Alitaka angalau mara moja aseme mahali fulani kwamba kuna mtu mzuri namna hiyo.

"Fahari ni yako," alisema Dirisha. "Kazi ni yangu."

"Nitakuja kuongea na msimamizi wako."

"Useme nini? Kwamba unanipenda? Hiyo iko kwenye kanuni ya ngapi?"

Akakata, kisha akaifungia namba yake isiweze kupiga tena. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alidhani amepata mtu mmoja duniani wa kumwambia mambo kwa sauti ya chini, na mtu huyo kaenda kuyachapa nakala elfu.

Siku ya tatu Muhuri alimwita ofisini. Alimkaribisha kiti, akammiminia maji, akamwuliza hali ya baba. Baada ya hapo ndipo akamsogezea karatasi. Ilikuwa tangazo fupi. Mimi, mhudumu wa dirisha la pili, nawataarifu wageni kwamba tiketi ya kawaida haipo, na kwamba kijitabu kinachouzwa kituoni ni cha uongo.

"Lakini ipo, bosi," alisema Dirisha. "Imo kwenye orodha ya bei."

"Orodha imo kabatini mwangu," alisema Muhuri. "Kuifuta siwezi, bei zimepangwa na bodi. Lakini hakuna aliyenituma niitangaze."

Aliongea kwa upole, kama daktari. Akaeleza kwamba akisaini, kesho atakaa kitini pake na mambo yataisha. Asiposaini, itabidi atafutwe mtu mwingine wa kukaa kitini, na mtu huyo atahitaji nyumba.

Dirisha alitazama nje. Kutoka ofisini uliweza kuona uzio wote, mwanzo hadi mwisho, na paa la nyumba yao likiwa na jiwe juu yake kuzuia bati lisipeperuke. Akafikiria miguu ya baba. Akafikiria pia kijitabu cha kijani, na hapo hasira ikamsaidia kushika kalamu. Akasaini. Muhuri akapiga muhuri.

Tangazo lilibandikwa getini na kwenye nguzo za kituo cha mabasi. Foleni ikarudi dirisha la kwanza, waongozaji wakashuka ukutani, na kaka yake akaleta nyama nyumbani. Mama alimwita mwanangu mwenye akili. Dirisha alikula vipande viwili, akasema ameshiba.

Jumatano ya wiki iliyofuata walikuja wanawake wawili watu wazima, ndugu, unajua tu kwa namna walivyofanana pua. Walivaa kofia za majani, viatu vya raba vipya kabisa, na kila mmoja alibeba chupa tupu. Walikuwa wamefuata kila kidokezo. Walikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la pili, halafu mdogo wao akaliona tangazo, akalisoma kwa sauti ya chini, wakatazamana. Wakafungua pochi zao na kuangalia ndani kwa muda. Mkubwa aliinua macho akamtazama Dirisha kupitia kioo, si kwa hasira, kwa kuuliza tu. Muhuri alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kama alivyofanya kila siku tangu tangazo libandikwe. Dirisha akainamisha kichwa akajifanya anapanga tiketi. Alipokiinua walikuwa wameshafika mbali, wamevaa kofia zao, wanarudi kwenye kinu cha unga kungoja basi.

Aibu ile ilimkaa kifuani usiku kucha. Aliifungulia namba ya Vidokezo, lakini simu haikuita. Na kwa nini iite? Alishamwita mwongo mbele ya mji mzima, tena kwa muhuri. Mhudumu wa makumbusho, aliyetoka mjini, alisimulia kwamba pale kituoni watu walimwekea yule mchapaji tangazo juu ya kibanda, wakamtaka arudishe pesa zao, na mwenye kiwanda kampa wiki moja ajisafishe au aondoke. Dirisha aliandika nisamehe mara nne, akaifuta mara nne.

Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi. Kufika saa tano foleni mbili zilikuwa zimekwenda mpaka barabarani, jua linachoma, watoto wanalia, mtu fulani anapepea uso kwa ramani aliyouziwa. Dirisha alikuwa anakata tiketi za jumla bila kuinua macho, kwa kuwa macho yalikuwa yakimtia matatani. Ndipo akaona kwenye ukingo wa dirisha mkono wenye wino kwenye kucha.

Vidokezo alikuwa amevaa shati la rangi ya maziwa, limefungwa mpaka kifungo cha juu, na suruali nyeusi ya kwendea kwenye shughuli. Amekonda. Kando yake alisimama mwanamke mfupi, mnene, gauni la zambarau na mwavuli wa rangi hiyohiyo, anajipangusa jasho.

"Habari ya kazi," alisema.

"Nzuri," alisema Dirisha, sauti ikatoka ndogo. "Karibuni."

"Huyu ni shangazi yangu. Ana shughuli na wazee wanaoishi humo ndani."

Muhuri aliinama nyuma ya bega la Dirisha. "Wageni wa nyumbani nao wanakata tiketi," alisema.

"Ndivyo nilivyomwambia," alijibu Vidokezo, bila kumtazama. "Alitaka kujua kama kuna bei ya watu wanaokuja kuposa. Nikamwambia sijawahi kuisikia." Watu wa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Alisogea karibu na kitundu cha kioo. "Tangazo lako nimelisoma. Shangazi kaniambia karatasi haina uso, nije nimwulize mwenyewe. Kwa hiyo nakuuliza, na utakalosema nitalichapa hivyohivyo, hata kama ni la kunimaliza. Tiketi ya kawaida ipo?"

Dirisha akasikia pumzi ya Muhuri juu ya kichwa chake. Akafikiria mama, ambaye leo asubuhi alikuwa akiimba. Akafikiria baba, atabebwa vipi, na kwenda wapi. Alitaka kumwambia Vidokezo kwa macho tu, ipo, unajua ipo, niache. Lakini Vidokezo hakuwa ameomba macho. Nyuma yake watu walikuwa wamenyoosha shingo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na aliona wazi kwamba akisema hapana leo, atalisema neno hilo hapo kitini mpaka awe bibi.

"Ipo," alisema.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," alisema Shangazi. "Kioo kinazuia."

"Ipo. Tiketi ya kawaida ipo, na ilikuwapo siku zote. Niliposaini ile karatasi nilidanganya."

"Basi tupe mbili," alisema Vidokezo.

"Sisi nne za kawaida," alisema mtu wa nyuma, na mwingine akapaza sauti akiomba sita.

"Funga dirisha," alisema Muhuri, kwa upole wake uleule.

"Nitafunga watu wakiisha," alisema Dirisha. Akavuta kitabu cha tiketi za kawaida kutoka chini ya meza, akakipuliza vumbi. Muhuri hakuweza kumnyang'anya mbele ya watu mia mbili; alisimama hapo, mikono nyuma, na kila tiketi ilipochanwa alikohoa kidogo. Katika miaka yote sita Dirisha hakuwahi kuona kitabu kimoja cha namna ile kikiisha kwa siku moja. Siku hiyo viliisha viwili, na cha tatu kikafika katikati.

Foleni ilipokwisha Muhuri alimwambia maneno manne tu: nyumba, mwisho wa mwezi. Dirisha akaitikia kwa heshima, akavua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya kiti. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kuwakuta wanamngoja ndani ya geti, juani, Shangazi chini ya mwavuli wake.

"Ndiye huyu?" Shangazi alimpima juu mpaka chini. "Kwa ulivyomsifu nilidhani nitaona jengo."

Vidokezo hakuwa na uso wa utani. "Nimekuja kukuposa," alisema, "na kabla sijasalimia nimekumalizia kazi na nyumba."

"Umenitangaza bila ruhusa. Mimi nikakukana kwa muhuri. Tumetoshana."

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda," alisema Dirisha. "Na ninaogopa. Usiniulize mambo mengi kwa sasa, niongoze tu njia." Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mwenyeji, akashika njia mbele yao.

Walipita kisimani, wakapita jumba la mfalme, na kaka yake alikuwa ameshawatangulia kwa njia ya mkato kupeleka habari. Walipofika alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na hakuwapisha mpaka mama alipomwambia apishe. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo ukutani, ukuta alioupiga lipu kwa mikono yake mwenyewe.

"Umesema ipo?" mama aliuliza.

"Nimesema ipo, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Nisameheni. Nimewatoa nyumbani kwenu."

Kaka yake alitoka nje akabamiza mlango, wakasikia hatua zake kwenye changarawe mpaka zikapotea. Dirisha alipiga magoti mbele ya baba, akaanza kueleza habari ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji, anamoishi Vidokezo, kwamba amemwambia njiani vitawatosha wote, na kwamba havina ngazi.

Baba aliweka mkono kichwani pake.

"Nilianguka mimi," alisema. "Miaka sita iliyopita, nikainuka kadiri ya miguu yangu. Wewe ndiye hukuinuka. Kila jioni nasikia geti linafungwa, nasikia unaingia, najua ni kwa ajili yangu, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia uondoke. Nilikuwa napenda chumba changu. Hilo ndilo unisamehe."

Dirisha alilia, safari hii bila kugeuza uso. Vidokezo alisimama akiwa hajui mikono aiweke wapi.

Shangazi alikuwa ameketi wima kwenye ncha ya kiti, anajua kazi iliyomleta. Aliposhindwa kungoja zaidi alikohoa, akaanza. "Wenzetu, sisi tumekuja na neno la heri—"

Mama aliinua kiganja. "Uniwie radhi, mgeni. Neno lako nalitaka. Ila vitu vya kuhama navyo havijifungi, acha niipe mikono yangu kazi."

Akavuta stuli mpaka dirishani, akapanda, akaanza kuchomoa pazia kutoka kwenye fimbo yake, pete moja baada ya nyingine. Lilikuwa refu na zito, likamwelemea begani. Shangazi alimtazama kwa muda. Kisha akalaza mwavuli chini, akavua viatu, akaenda kushika upande wa pili.

"Endelea sasa," alisema mama kutoka juu. "Nakusikia."

Na Shangazi, mikono yote miwili imejaa pazia, akaanza upya kumwelezea mpwa wake, kazi yake, vyumba vyake viwili na nia yake.